Kuosha Gari Dodoma: Maji Yatokako na Yaendako

Watumishi wetu wanaokwenda Dodoma kikazi, pamoja na wananchi wa Visiwani waliokwisha kuhamia huko, si wachache tena. Bunge lina makao yake Dodoma tangu mwaka 1996, na miongoni mwa wabunge wake wamo watano wanaochaguliwa na Baraza letu la Wawakilishi. Serikali ya Muungano ilianza kuhamisha wizara zake kwa wingi mwaka 2016, ikitekeleza uamuzi uliopitishwa tangu mwaka 1973, na tarehe 26 Aprili, 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Penye ofisi pana magari, na magari huoshwa. Ukurasa huu leo unaeleza namna ya kuosha gari katika nyanda za kati bila ya kufanya israfu ya maji na bila ya kuchafua ardhi. Fauka ya hayo unaeleza sababu zake, kwani matangazo ya kukataza tu yamekwisha kubandikwa ya kutosha na hayasomwi.

Sisi watu wa Visiwani tuna mazoea yetu. Gari la Unguja au Pemba huoshwa mara kwa mara, na ni haki lioshwe, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi na chumvi hula bati. Gari linalopita barabara za ufukweni, likaachwa wiki nyingi bila ya kumwagiwa maji uvunguni, huanza kushika kutu kwenye viungo. Mvua nazo tunazipata mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na kwa jumla Unguja hupata kiasi cha milimita 1,500 au zaidi. Dodoma hupata baina ya milimita 550 na 600 tu, tena kwa msimu mmoja, aghalabu tangu Disemba hadi Aprili. Kuanzia Mei mpaka Oktoba hakuna mvua ya kuhesabika. Jiji lenyewe limekaa juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na chumvi ya bahari haifiki huko. Kwa hiyo desturi ya kumwagia gari maji kila asubuhi, ambayo pwani ina sababu, ikihamishiwa Dodoma huwa haina sababu tena.

AKIBA ISIYOINGIA KILA MWAKA

Jiji la Dodoma halina mto unaotiririka mwaka mzima. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, lipo, lakini maji yake yana chumvichumvi. Sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka chini ya ardhi, katika visima virefu vya Makutupora, eneo la Mzakwe, kaskazini mwa jiji, ambavyo vimekuwa vikitumiwa tangu miaka ya 1950. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma, ijulikanayo kwa kifupi kama DUWASA, huyavuta maji hayo kwa pampu za umeme na kuyasukuma hadi kwenye matangi ya mjini. Siku za karibuni viliongezwa visima vya Nzuguni. Bwawa kubwa la Farkwa, wilayani Chemba, ni mradi wa miaka mingi.

Maji ya Makutupora yamewekwa hapo na mvua, lakini si kila mvua. Kina cha maji katika visima hivyo kimepimwa na kuandikwa kwa muda mrefu usio wa kawaida, na mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na wa Uingereza walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa vipimo vya miaka 55. Walichokiona ni hiki. Mvua za mwaka wa kawaida hulowesha udongo, zikanywewa na mimea na kurudishwa hewani na jua, na kiasi kinachoteremka hadi chini kwenye hazina ni kidogo mno. Hazina hujazwa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kiasi, ambapo vijito vya msimu hufurika na maji kuzama katika mchanga wake. Msimu wa El Niño wa mwaka 1997 na 1998 ndio uliojaza kwa wingi kuliko yote katika vipimo hivyo. Baina ya msimu mmoja wa namna hiyo na mwingine, maji hushuka mwaka baada ya mwaka.

Msomaji ambaye ni mtumishi wa Serikali atalifahamu jambo hili kwa wepesi. Na afikiri mshahara ambao hauingii kila mwisho wa mwezi, bali huingia mara moja baada ya miaka kadhaa, na tarehe haitangazwi. Matumizi ya nyumba hayasubiri. Chakula cha leo, ada ya skuli na dawa ya mtoto vyote vinatoka katika fungu lile lile lililoingia zamani.

Na nyumba imejaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179 katika jiji. Si ajabu basi kwamba mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na kwamba mwenye uwezo huweka uani tangi la plastiki la lita 1,000 au zaidi ili lijae siku ya zamu yake. Asiye na tangi hutegemea ndoo na madumu.

Mwandishi wa makala haya alikuwa Dodoma kikazi katika mwezi wa Septemba mwaka mmoja, akakaa katika nyumba ya wageni. Baada ya sala ya alfajiri alitoka nje akakuta magari sita yamepangwa uani na dereva mmoja akiyaosha kwa mpira wa maji. Alipohama kutoka gari moja kwenda jingine, mpira aliuacha chini ukimwaga. Ng'ambo ya barabara, kinamama na watoto walikuwa wamepanga madumu ya njano mbele ya kioski cha maji kilichokuwa bado hakijafunguliwa. Mlinzi wa nyumba ile, mzee wa Kigogo, alikuwa akifagia. Mwandishi alimwamkia kwa "mbukwa" aliyofunzwa jana yake, mzee akaitikia, kisha akatazama yale maji yakikimbilia mtaroni, akauliza kwa sauti ndogo, "Hapo wamepita ng'ombe wangapi?"

Wakati ule swali lilionekana ni la mzaha. Baadaye hesabu ilionyesha kwamba lina jibu.

HESABU YA MPIRA NA NDOO

Kila mwenye mpira wa maji anaweza kuupima. Achukue ndoo ya lita 20, afungue mfereji (wenzetu wa Bara wanauita bomba, na kwao mfereji ni mtaro wa maji) kama anavyoufungua wakati wa kuosha gari, kisha atazame saa. Ikiwa ndoo itajaa kwa dakika moja na nusu, basi katika nusu saa mpira huo hutoa lita 400. Ng'ombe wa kienyeji wakati wa kiangazi hunywa kiasi cha lita 30 kwa siku. Kwa hiyo gari moja lililooshwa kwa nusu saa limekunywa maji ya ng'ombe kumi na watatu, na magari sita maji ya kundi zima.

Gari hilo hilo dogo huoshwa likatakata kwa lita 40: ndoo ndogo ya lita 10 yenye sabuni, ndoo ya lita 20 ya kusuuzia, na lita 10 nyingine za magurudumu na za kumalizia. Gari kubwa la safari za mashambani huhitaji kiasi cha lita 60. Baki ya lita 360 ni madumu kumi na manane ya lita 20. Na dereva anayeosha kwa mpira kila siku, siku sita za wiki, hutumia lita 2,400, yaani zaidi ya matangi mawili ya lita 1,000, kwa kazi ambayo ndoo mbili zingeitosha mara moja kwa wiki.

Hapa yafaa kueleza tofauti baina ya gari chafu na gari lenye vumbi, kwani huko nyanda za kati vumbi ni la kila siku na halikimbiliki. Upepo wa kiangazi hulipeperusha kutoka barabarani na kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na gari lililooshwa saa moja asubuhi huwa jekundu kabla ya adhuhuri. Anayelifukuza vumbi hilo kwa maji kila siku anashindana na upepo. Vumbi likikaa siku tano juu ya paa la gari halili bati. Linapoleta madhara ni ndani ya injini, likipita katika chujio la hewa lililoziba au kuchanika, na chujio hilo husafishwa kwa kupulizwa upepo au kubadilishwa, wala halihitaji maji ya mpira. Aghalabu gari hung'arishwa nje kila siku na chujio lake halijafunguliwa tangu lilipotoka Dar es Salaam.

Vipo vitu ambavyo ni lazima visafishwe kila siku kwa ajili ya usalama: kioo cha mbele na cha nyuma, vioo vya pembeni, taa, na namba za gari. Kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa chatosha, na maji yake hayazidi nusu lita. Mengine yote yangoje siku ya kuosha.

Siku hiyo ikifika, gari lisifutwe kavu. Mchanga wa Dodoma umetokana na miamba migumu, na chembe zake zikisuguliwa juu ya rangi huikwaruza kama msasa. Liondolewe vumbi la juu kwa brashi ya nywele ndefu laini, bila ya kukandamiza, kisha limwagiwe maji kidogo kidogo kwa kopo kuanzia juu. Ndoo ya sabuni na ndoo ya kusuuzia kitambaa zisichanganywe: kitambaa kitoke kwenye sabuni kwenda kwenye gari, kutoka kwenye gari kiende kwenye ndoo ya kusuuzia, ndipo kirudi kwenye sabuni. Mchanga hutua chini ya ndoo ya kusuuzia, kwa hiyo mkono usifike chini. Kuosha kuende kwa sehemu: paa kwanza na kusuuzwa, halafu vioo, boneti, milango, na mwisho bampa na magurudumu, ambayo huwa na kitambaa chake peke yake. Maji ya sabuni yaliyobaki ndiyo ya magurudumu. Mwenye kuosha hivi humaliza kwa muda ule ule wa mpira, pengine kabla yake, kwa kuwa hazunguki akihangaika na mpira ulionasa chini ya tairi.

Saa ya kuosha nayo ina maana. Maji ya visima vingi vya nyanda za kati ni magumu, yaani yana madini ya chokaa. Sabuni haitoi povu upesi, na tone likikauka juani huacha doa jeupe ambalo dereva hudhani ni uchafu uliobaki, akamwaga maji tena. Doa hilo haliondoki kwa maji yale yale yaliyolileta. Dawa yake ni kuosha asubuhi mapema au jioni, kivulini, na kulikausha gari kwa kitambaa mara tu baada ya kusuuza. Sabuni ya unga ya kufulia nguo isitumiwe, maana hula nta inayolinda rangi, na sabuni ikizidi huhitaji maji mengi ya kuiondoa. Kifuniko kimoja cha sabuni ya maji katika ndoo ya lita 10 chatosha, hata kama povu ni dogo.

Wenye mashine za kurushia maji kwa nguvu huulizwa kama nazo ni israfu. Mashine ya namna hiyo hutoa maji machache kwa dakika kuliko mpira ulioachwa wazi, na ikitumiwa kwa dakika chache na mtu anayeizima kila anapogeuka, si mbaya. Tope la masika lililogandamana uvunguni haliondoki vizuri kwa kopo, na hapo mashine ina haki yake.

MAJI MACHAFU HUENDA WAPI

Yaliyosemwa hadi hapa ni ya maji yanayotoka kisimani. Yako pia yanayorudi ardhini, na haya husahauliwa zaidi.

Maji yaliyoosha gari yana sabuni, mchanga, vumbi la breki, na mafuta. Sehemu kubwa ya nyumba za Dodoma haikuunganishwa na bomba la majitaka, kwa hiyo maji hayo ama huzama uani au hukimbilia kwenye mtaro wa mvua. Mitaro ya mvua haiendi kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Huishia kwenye makorongo, yaani mito ya msimu, na katika makorongo hayo wakati wa kiangazi wanavijiji huchimba visima vifupi katika mchanga ili kupata maji ya kunywa wao na mifugo yao. Kupeleka gari korongoni na kuliosha pale, kama baadhi ya madereva wafanyavyo wakidhani wanaokoa maji ya mjini, ni kuosha gari ndani ya mtungi wa jirani.

Huku kwetu jambo hili lina sura nyingine lakini chanzo ni kimoja. Sehemu kubwa ya Unguja ni mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi, na maji yetu ya kunywa yamekaa humo chini. Kinachomwagwa juu ya mwamba wa namna hiyo hakichukui muda mrefu kuteremka. Mwenye kuosha gari karibu na kisima, awe Makunduchi au Makutupora, anajiwekea mwenyewe.

Basi gari lioshwe mahali pa udongo au changarawe, mbali na kisima na mbali na mtaro, ili maji yazame polepole na udongo uchuje kiasi unachoweza. Maji ya kusuuzia, ambayo sabuni yake ni kidogo, yanaweza kupewa miti ya kivuli, na Dodoma ina miarobaini ya kutosha kuyapokea. Yasimwagwe kwenye mchicha wala mboga yoyote ya kuliwa. Na yasimwagwe chini ya mti mmoja kila wiki: katika nchi yenye mvua nyingi chumvi ya sabuni husombwa na mvua, lakini katika nchi kame hubaki pale pale ikajilimbikiza, na mwisho udongo hugandamana na mti kunyauka.

Injini isioshwe nyumbani kabisa. Mafuta yake, na mafuta ya breki, hayachujwi na udongo wa uani. Ipelekwe kwenye karakana au kituo cha kuoshea magari chenye sakafu ya saruji na shimo la kunasia mafuta. Ujenzi wa shimo hilo si wa kitaalamu sana, na wenye vituo ambao bado hawajalijenga wanaweza kumwita fundi yeyote mzuri wa uashi. Ni shimo refu la saruji lililogawanywa vyumba vitatu. Katika chumba cha kwanza mchanga hutua chini. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huelea juu. Ukuta wa kugawanya una tundu upande wa chini tu, basi maji hupita chini yake na mafuta hubaki nyuma. Chumba cha tatu hupokea maji yaliyopungua uchafu, ambayo huweza kutumiwa tena kuoshea magurudumu na uvungu. Mafuta yaliyonaswa huchotwa na kuwekwa katika pipa lenye kifuniko. Shimo lisilochotwa kwa muda hujaa na kupitisha mafuta, na hapo huwa halina faida kwa yeyote.

Sheria zipo. Kwa upande wa Bara kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ambayo inazihusu bodi za maji za mabonde na vibali vya matumizi ya maji. Kwa upande wa Zanzibar kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015. Anayekusudia kuchimba kisima kwa ajili ya kituo cha kuoshea magari aanze kwa kuuliza kibali, kabla ya kumwita mwenye mtambo wa kuchimba.

Kwa mwenye nyumba yake Dodoma, lipo jingine la kufikiri. Paa la bati lenye mita za mraba 50, katika mwaka wa milimita 550, hupokea lita 27,500. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa ajili ya maji yanayopotea, zinabaki lita 22,000. Gari linalooshwa mara moja kwa wiki kwa lita 40 halifiki lita 2,100 kwa mwaka mzima. Tangi moja la lita 1,000 lililojazwa na mvua za mwisho za Aprili, likafunikwa vizuri, laweza kuliosha gari hilo mpaka mwezi wa Oktoba. Tena maji ya mvua ni laini, hutoa povu kwa sabuni kidogo, na hayaachi doa jeupe. Hapana maji mazuri zaidi ya kuoshea gari, na kila mwaka tunayaacha yapite mlangoni.

Yamebaki mazungumzo na yule dereva wa asubuhi. Mwandishi alimsogelea, akamweleza habari ya ndoo mbili kwa upole unaopasa, kwa kuwa mtu yuko kazini. Kijana alisikiliza kwa adabu, akafunga mpira, kisha akasema, "Mzee wangu, mimi nimeelewa. Lakini bosi akitoka saa mbili akakuta gari lina vumbi, anayeulizwa ni mimi, haulizwi mwenye kisima."

Jibu hili linahitaji kusikilizwa na wakuu wa idara zaidi ya madereva. Gari la Serikali halioshwi kila siku kwa kupenda kwa dereva. Linaoshwa kwa sababu mkubwa wake hupima bidii ya dereva kwa mng'aro wa boneti, na wapo madereva waliowahi kukemewa kwa vumbi la safari ya jana. Mkuu anayekwenda Dodoma kwa wiki mbili za vikao anaweza kulimaliza jambo hili siku ya kwanza, kwa kumwambia dereva wake kwa maneno yaliyo wazi kwamba gari litaoshwa Jumamosi kwa ndoo, na kwamba siku nyingine atakagua vioo, taa, na chujio la hewa. Ndoo mbili, kopo, na vitambaa vitatu vinaenea nyuma ya kiti, na bei yake ni ndogo kuliko posho ya siku moja.